Tupeane uzoefu: watu wanajua mazingira yanaharibika, mbona hawatoki?

Nakuru (mwanzilishi wa mada)
Wadau, mafunzo yametolewa, mabango yamebandikwa, na karibu kila mtu anajua taka za mtaroni huishia ziwani. Bado Jumamosi ya usafi wanatokea watu walewale saba. Tuandike mbinu zenyewe: idadi, vifaa, na zinapokwama.

Nyalenda, Kisumu
Kipaza sauti kinaita umati, na kila aliye kwenye umati hudhani mwenzake ataenda. Gawaneni milango: watu 10, kila mmoja nyumba 5 anakofahamika. Swali liwe na saa, mahali na chombo: "Mama, Jumamosi saa moja na nusu, mtaro wa nyuma ya kinyozi. Utakuja na beleshi au reki?" Akishasema reki, amejifunga. Mkumbushe Ijumaa jioni.

Kipande kiwe cha kumalizika: mita 40 hivi kwa watu 15, kazi ya muda wa saa mbili basi. Mkokoteni ukodishwe mapema, maana kazi nyingi hufia hapa: tope jeusi linatolewa, linaachwa ukingoni likauke, na chupa na nywele za kinyozi ndani yake, kisha mvua ya jioni inalirudisha lote. Aliyechafuka hadi magotini akiliona Jumapili asubuhi haji tena, na huwezi kumlaumu.

Dunga, Kisumu
Posho ya kuhudhuria humgeuza jirani kibarua. Hela zikikatika, kazi imekatika. Mkilipa, lipieni matokeo. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche uliopona.

Faini nayo ina mtego. Kule Haifa, Israeli, vituo vya kulelea watoto vilipoanza kuwatoza wazazi wanaochelewa, uchelewaji uliongezeka: faini ilipokelewa kama bei. Ikaondolewa, na uchelewaji haukupungua. Ploti ikitoza shilingi 50 kwa kutupa taka ovyo, wapo watakaolipa na kuendelea kutupa. Mkosaji aanze kupewa onyo la jirani, kisha zamu ya ziada ya kufagia ua, pesa mwisho kabisa.

Kakamega
Kwa upande wa miti, ulizeni kwanza mti utakuwa wa nani. Kwa mila za Waluhya wengi, kupanda mti ni kudai ardhi, kwa hiyo mwanamke akipanda huzua maneno nyumbani. Ukialika akina mama peke yao, miche itakaukia nyuma ya jikoni, na mtasema hawajali. Wanajali sana, kuni ni mzigo wao. Mwite mume na mke pamoja, wakubaliane nani atakata na lini. Au anzeni na kaliandra na sesbania: zinahesabiwa vichaka, kuzipanda si kudai ardhi, na zinatoa kuni na lishe ya ng'ombe.

Miche 5 kwa boma yatosha. Pandeni mvua ndefu ikishashika, shimo sentimita 45 kwa 45. Plastiki ya mche ichanwe na kutolewa. Ikiachwa, mizizi hujisokota ndani na kiangazi kinaumaliza mti. Hesabuni miche iliyo hai baada ya mwezi mmoja, tena Februari, mkipita boma kwa boma pamoja na majirani.

Nakuru
Nyongeza kuhusu vibao. "Usitupe taka hapa" juu ya lundo haisaidii: jicho linaona lundo kwanza, na lundo linasema wote wanatupa. Ondoeni lundo, ndipo kibao kisimame. Utafiti wa hoteli moja Marekani ulionyesha kuwa kuwaambia wageni kwamba wengi hutumia taulo tena kulifanya kazi kuliko kuwasihi watunze mazingira. Basi andikeni: "Nyumba 14 kati ya 20 za ploti hii zinatenganisha taka." Namba iwe ya kweli. Zikiwa 4 tu, msiiandike bado. Andikeni kwamba mwezi huu zimeongezeka 2. Tumieni chaki, ibadilishwe kila Jumapili, na anayeibadilisha awe mpangaji, si mwenye ploti.