Mrejesho: prosesa ya Ryzen 5 2600 imetoka, 5700X3D imeingia, mazabodi ni ile ile

Asanteni wakuu kwa michango. Swali lilikuwa: kompyuta ya Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450 na kadi ya picha ya RX 6600, ihamie AM5 (soketi mpya ya prosesa za AMD) au ibadilishwe prosesa tu? Mliosema prosesa tu mmeshinda. Ryzen 7 5700X3D inakaa soketi ile ile ya AM4, na kashe yake (kumbukumbu ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 ndiyo inayopunguza kule kukwamakwama kwenye gemu zinazoilemea prosesa. AM5 ingedai mazabodi mpya na RAM za DDR5 juu yake.

Atakayefuata njia hii asasishe BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, la sivyo mpya haitatambuliwa na skrini itabaki nyeusi. Flashi ya kuwekea faili la BIOS ifomatiwe kwa FAT32. BitLocker (kufuli ya Windows ya mafaili) izimwe kabla, maana mashine ikiwaka mara ya kwanza na prosesa mpya huuliza kuhusu fTPM (sehemu inayotunza funguo za usalama), ubonyeze Y kuianzisha upya. Kama hukuizima BitLocker na huna ufunguo wake, mafaili ndiyo basi tena.

Feni ya prosesa, pamoja na chuma chake cha kupoza, usiivute tu juu! Pesti ya kupitishia joto iliyokauka hung'oa prosesa kutoka kwenye soketi na kupinda pini. Washa mashine ipate moto dakika kumi hivi, zima, chomoa umeme, kisha zungusha feni nzima na chuma chake kushoto na kulia mpaka iachie. 5700X3D haiji na feni yake, na ile fupi ya 2600 haiiwezi.

BIOS mpya iliishusha kasi ya RAM hadi 2133; XMP (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili) ikawashwa tena, ikarudi 3200. Pawa saplai ya wati 550 haikuguswa.