Ng'ombe wangu wamevalishwa hereni za chipu, mwizi akiwaswaga usiku nawaona kwenye simu?

Mfugaji wa Mbali
Wakuu habari za humu. Nina ng'ombe wangu Kilindi, mimi niko Dar, wanachungwa na kijana wa kulekule kwa makubaliano yetu. Juzi kanipigia anasema wataalamu wa chanjo wamepita na kila ng'ombe kavalishwa hereni ya njano yenye chipu. Nikafurahi nikajua habari za wizi zimeisha, maana jirani yetu kaswagiwa zizi zima usiku hadi leo hawajulikani walipo. Nikamuuliza kijana hiyo programu ya kuwaangalia kwenye simu naipata wapi, akabaki anacheka tu. Sasa hiyo chipu kazi yake nini kama siwezi kuona ng'ombe alipo? Niongezee GPS? Halafu kingine, anasema kwenye kuandikisha waliandika jina lake yeye kwa vile ndiye aliyekuwepo zizini. Hii haina shida?

Kiboko ya Kupe
Mkuu hiyo ni NIDA ya ng'ombe, yaani kitambulisho chake, kumfuatilia haiwezi. Ndani ya hereni kuna chipu na kawaya kembamba kalikozungushwa, hakuna betri, hakuna laini, imelala tu mpaka mtu mwenye kisomaji aisogelee, tena kile cha mkononi unakipeleka karibu kabisa na sikio. Kisomaji kinarusha mawimbi ya kilohezi 134.2, chipu inapata umeme wake humohumo inajibu namba yenye tarakimu 15, basi. Kilindi haiijui wala Dar haiijui. Mwenye mali nani, kijiji gani, kachanjwa nini na lini, hayo yote yako kwenye rejista, namba ni ya kulifungulia faili tu. Na usihangaike na simu yenye NFC, ile ya kusoma kadi kwa kugusisha, inafanya kazi kwenye megahezi 13.56, hapo haitasoma kitu hata uibandike sikioni.

Ila hilo la jina ndio la kukukosesha usingizi. Kwenye mfumo ng'ombe ni wa kijana. Leo mnaelewana sawa, siku mkikorofishana au Mungu akamchukua wakaja ndugu zake, wewe una maneno wao wana rejista. Panda basi, nendeni wote wawili kwa afisa mifugo wa kata, mtendaji wa kijiji awepo, makubaliano yenu yawe kwenye maandishi, mmiliki arekebishwe. Ukiwa hukohuko piga picha ya kila ng'ombe ubavuni, na nyingine ya hereni yake namba ionekane, uhifadhi.

Laigwanan wa Mjini
Dokta umeongea vizuri ila mwizi haogopi hereni, anakata sikio lote anatupa porini, ng'ombe analala machinjio bubu asubuhi ni supu. Na sisi tumeshazoea, 2017 chapa ya moto kila kona, baadaye hereni kwa shilingi 1,750 kila ng'ombe kelele zikawa nyingi, 2025 ikaja chanjo ya 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi na kondoo, hereni ndani yake. Sheria yenyewe ya utambuzi ipo tangu 2010! Mimi ng'ombe wangu namjua kwa rangi, pembe na mama yake, usiku wa giza namjua kwa sauti.

Kiboko ya Kupe
Laigwanan wewe unamjua, hakimu hamjui. Wewe unasema ni wako na mwenzio anasema ni wake, hapo ndipo namba inafanya kazi. Kuhusu sikio kukatwa ni kweli kabisa, lakini ng'ombe mwenye kidonda kibichi cha sikio akifika mnadani mtu wa kutoa kibali cha mifugo anatakiwa amuweke pembeni. Akimpitisha kwa sababu kapewa ya soda, hata chipu ya dhahabu haisaidii.

Mswahili wa Gaborone
Niko Botswana, huku walianza na kidude cha kauri chenye chipu ndani, ng'ombe anamezeshwa kinakaa kwenye chumba cha pili cha tumbo kwa sababu ni kizito hakitoki. Hapo hakuna wa kukata sikio. Baadaye nao wakahamia hereni. Majirani zao Namibia wanavalisha masikio yote mawili, moja hereni ya chipu, jingine ya maandishi makubwa ya kusoma kwa macho. Kilichofanya wafugaji wakubali wala sio mgambo, ni soko, nyama inaenda Ulaya na Ulaya haipokei nyama ya ng'ombe asiyejulikana katokea wapi, kwa hiyo mfugaji mwenyewe anahangaika namba isipotee. Huko nyumbani mnunuzi wa mnadani anaangalia kilo tu, namba ataiulizia ya nini?

Fundi Redio
GPS ni kola ya shingoni mkuu, sio hereni. Inataka betri, inataka laini na mtandao, pale mnara usipofika inanyamaza. Usimfunge kila ng'ombe utafilisika, mfunge yule anayeongoza kundi, wengine wanamfuata. Weka mpaka kwenye ramani, akivuka usiku simu inalia. Mwizi mjanja ataikata lakini utakuwa umeshapata pa kuanzia, na mpigie kijana hapohapo usisubiri kukuche.

Mfugaji wa Mbali
Asanteni sana, wiki hii naenda. Kuna ndama wamezaliwa juzi hawana hereni, nimeona za chipu mtandaoni bei chee namba zinaanzia 900, ninunue niwavalishe mwenyewe? Na kijana anasema mmoja sikio limevimba linatoa usaha.

Kiboko ya Kupe
Usinunue. Tarakimu tatu za mwanzo ndio zinasema, za nchi yetu ni 834, Kenya 404, ukiona 900 hiyo ni ya watengenezaji, kisomaji kitaisoma vizuri tu ila kwenye rejista ng'ombe hayupo. Ndama wasubirishe wapate za afisa. Na zikivalishwa simamia: msumari wa hereni uchovywe kwenye dawa, uingie kutokea nyuma ya sikio, chipu ikae upande wa ndani, katikati ya ile mistari miwili migumu, karibu na kichwa kuliko na ncha. Wakiweka nchani miiba inaivuta inachana sikio, wakitoboa mshipa damu haiishi. Huyo wa usaha asing'olewe hereni kwanza, amuoshe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akaushe, apulizie dawa ya vidonda inayofukuza nzi, arudie kila siku. Akiona funza au sikio limekuwa la moto mpaka shingoni ampigie afisa, hapo inaingia sindano.