Betri ipi inafaa kwa mashine za bustani zisizo na waya: 20V, 40V au hizi zinazoandikwa 88V?

Mtunza Ua wa Tengeru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninatunza kiwanja cha nyumba ya wageni huku Tengeru, Arusha, chenye ukubwa wa robo tatu ya eka hivi. Kimezungushiwa ua wa michongoma wenye urefu wa mita zipatazo 120, na ndani yake mna nyasi, miparachichi minne na vichaka vya maua. Miaka yote nimekuwa nikifyeka kwa mashine ya petroli, lakini kelele zake zinawakera wageni wanaotaka kulala hadi jua lipande baada ya kushuka mlimani, na sasa mwenye nyumba ameniagiza nihamie kwenye mashine za betri. Ninahitaji mashine ya kupogolea ua, mashine ya kamba ya kufyekea nyasi na, fedha zikitosha, msumeno mdogo wa mnyororo kwa ajili ya matawi.

Dukani ndiko nilikochanganyikiwa. Muuzaji wa kwanza alinionyesha seti ya 20V yenye betri ya 2Ah (ampea-saa 2), akaniambia kwamba ile ya 4Ah inadumu muda mrefu zaidi tu, ila nguvu ni ile ile. Wa pili alinitolea seti ya 40V ambayo bei yake ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Wa tatu akanipa mashine iliyobandikwa "88V", pamoja na betri mbili zilizoandikwa 6Ah, kwa bei ya chini kuliko zote. Nami aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: drili niliyoinunua miaka miwili iliyopita betri yake ilikufa ndani ya miezi minane, ingawa niliitunza vizuri, nikiiacha kwenye chaja stoo kila siku ili niikute imejaa. Stoo yenyewe ni ya mabati.

Naomba kueleweshwa ni namba ipi hasa ya kuangalia, na kama kweli tofauti ya 2Ah na 4Ah ni muda peke yake.

Fundi Seli, Gerezani, amejibu:

Ndugu yangu wa Tengeru, hiyo "88V" iondoe kwenye hesabu kwanza. Kazi yangu ni kufungua na kutengeneza betri, na za namna hiyo nimezifungua nyingi, zikiwa na maandishi ya 48V, 88V, 128V hadi 198V. Karibu zote nilizikuta na kitu kimoja ndani: seli tano za lithiamu, yaani vijibetri vidogo, zilizoungwa mfululizo. Seli moja ya kawaida ya lithiamu huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Kwa hiyo seli tano ni volti 18, na zikijaa ni 21. Ya mwisho niliyoipima ilikuwa na "88V" kwa herufi nyekundu kubwa, na mita ilisoma 20.7.

Kwa hesabu hiyo hiyo utaona kwamba 18V na 20V ni kitu kimoja. DeWalt, kwa mfano, huiita 20V Max kule Marekani na 18V kule Ulaya. Mmoja anataja volti za betri iliyojaa na mwingine anataja za wastani. Vivyo hivyo 40V nyingi ni seli kumi mfululizo, yaani volti 36 kwa wastani.

Ukitaka kujua betri imebeba umeme kiasi gani, zidisha volti za wastani kwa ampea-saa, upate wati-saa. Ile ya 20V yenye 2Ah ni 18 mara 2, yaani wati-saa 36, na ya 4Ah ni 72. Ya 40V yenye 2Ah nayo ni 36 mara 2, yaani 72 vile vile. Kwa hiyo mtu anayekuuzia 40V ya 2Ah kana kwamba ni shehena kubwa kuliko 20V ya 4Ah anakuuzia namba tu.

Sasa nije kwa yule muuzaji wa kwanza, ambaye nadhani hakukusudia kukudanganya, lakini amekosea katika jambo lenye maana kubwa kwako. Betri ya 2Ah ina safu moja ya seli tano, ilhali ya 4Ah aghalabu ina seli kumi, yaani safu mbili za tano tano zinazosaidiana. Mashine ya kamba ikiingia kwenye nyasi nzito inaweza kunyonya wati 400, ambazo kwenye volti 18 ni ampea 22 hivi. Penye safu moja, kila seli inabeba ampea zote 22; penye safu mbili, kila seli inabeba 11. Joto ndani ya seli hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo seli iliyopunguziwa mkondo kwa nusu inapata robo tu ya joto. Seli iliyozidiwa volti zake hudidimia, nawe utaisikia mashine ikilegea sauti, kisha kinga ya betri inakata umeme wakati taa bado zinaonyesha chaji ipo. Wengi huniletea betri wakilalamika kwamba "inakata kata", na ninapoifungua nakuta haina ubovu wowote isipokuwa imepewa mzigo wa punda wakati yenyewe ni mbuzi.

Kuhusu maandishi ya 6Ah, nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni. Seli za kawaida za aina ya 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zina uzito wa gramu 45 hadi 50 kila moja, na hakuna inayozidi sana 3.5Ah. Ili ufikishe 6Ah kwa seli hizo unahitaji kumi, ambazo peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya ganda na saketi. Betri ya 5Ah iliyo ya kweli, yenye seli kumi, ina uzito wa gramu 600 na kitu. Ukiona "6Ah" yenye gramu 400, ujue ina seli tano. Zipo seli nene zaidi za aina ya 21700, ambazo tano zake zinaweza kutoa 4Ah au 5Ah kihalali, lakini 6Ah ya seli tano za 18650 haipo duniani.

Na drili yako, nisamehe nikisema ukweli, uliiua kwa kuipenda. Lithiamu haitaki kukaa imejaa kwenye joto kwa muda mrefu, na stoo ya mabati saa nane mchana ni tanuri. Ya kuhifadhi iache na nusu ya chaji.

Mama Bustani, Nyali, amejibu:

Assalaam alaykum nyote. Fundi ameeleza ya ndani, nami niongeze ya mkononi, kwa kuwa natunza bustani saba hapa Nyali na Bamburi na nina mwaka wa nne sasa natumia betri peke yake.

Kaka wa Tengeru, kabla ya kuchagua betri amua kwanza mashine yako iliyo na njaa kuliko zote ni ipi, kisha ununue jamii ya betri inayoweza kuilisha hiyo, na zilizobaki zitatumia betri hizo hizo. Kwako yenye njaa ni mashine ya kamba, si ya ua. Kwa vipimo vyangu vya kubahatisha kwa saa ya mkononi, betri ya 4Ah kwenye nyasi nene za baada ya masika hunipa dakika 15 tu, lakini betri hiyo hiyo kwenye mashine ya ua hunifikisha dakika 40 na zaidi. Hesabu ya fundi inaafikiana nami: wati-saa 72 ukizigawa kwa wati 300 unapata robo saa. Kwa hiyo mtu asikuambie "betri hii inafanya kazi dakika 40" bila kukutajia ni kwenye mashine gani.

Mimi nakushauri ununue betri mbili za 4Ah, hata tatu baadaye, badala ya moja kubwa ya 8Ah au 9Ah. Kupogoa ua ni kunyoosha mikono mbele ya kifua kwa nusu saa, na gramu 400 za ziada utazihisi begani kabla hujamaliza upande mmoja. Tena ukiwa na mbili, moja inapoa na kuchaji huku nyingine inafanya kazi. Hapo kwenye "inapoa" usipite haraka. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto usiichomeke kwenye chaja papo hapo. Mimi naiweka kivulini juu ya sakafu ya saruji kwa dakika 20, na nikiishika mkononi nikaona haina joto kuliko mkono wangu, ndipo naichaji. Chaja nzuri zenyewe hukataa kuchaji betri yenye joto, taa ikawaka tofauti, lakini za bei ya chini hazijali.

Jambo dogo ambalo limeniokolea chaji nyingi ni kunoa. Meno butu hutafuna michongoma badala ya kuikata, na umeme unaopotea hapo ni wako. Mimi huyapiga tupa kila baada ya nyumba nne.

Mzee wa Soni, Lushoto, amejibu:

Nimewasoma wote na nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila namtetea kidogo yule muuzaji wa 40V. Wati-saa zinaweza kuwa sawa, lakini kwa nguvu ile ile ya wati 400 betri ya volti 36 inatoa ampea 11 wakati ya volti 18 inatoa 22, na mkondo mdogo unamaanisha upotevu mdogo kwenye nyaya, swichi na viunganishi. Kwa msumeno wa mnyororo wa kukatia magogo nisingekubali chini ya volti 36. Kwa matawi ya miparachichi yenye unene wa mkono, msumeno mdogo wa volti 18 unatosha kabisa, na fedha iliyobaki inanunua betri ya pili. Kwa hiyo kwa kiwanja chako ushauri wangu unaishia pale pale alipofika Mama Bustani.

Nitakuonya juu ya jambo moja tu. Sokoni kuna adapta za plastiki zinazokuwezesha kuvalisha betri ya kampuni moja kwenye mashine ya kampuni nyingine. Zinashawishi, kwa sababu betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Lakini baadhi ya makampuni huiweka kinga ya kuzuia betri isiishe kupita kiasi ndani ya mashine, si ndani ya betri. Ukiichukua betri ya namna hiyo ukaivalisha mashine isiyo na kinga, hakuna anayesema "basi", na seli zitashuka chini ya volti 2.5, ambako zinaanza kuharibika. Nimepoteza betri mbili kwa njia hiyo, zote zikiwa karibu mpya.

Mtunza Ua wa Tengeru ameandika tena:

Nawashukuru sana, Fundi, Mama na Mzee wangu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, ninalo bomba la kupulizia dawa la kubeba mgongoni, la lita 16, lenye betri ya 12V 8Ah. Nalo nilihifadhi likiwa na nusu ya chaji? Pili, mgeni mmoja anayerejea mwezi ujao kutoka Ujerumani amejitolea kuniletea betri. Je, ataruhusiwa kupanda nazo ndege, na chaja ya huko itafaa hapa?

Fundi Seli, Gerezani, amejibu:

Umeuliza vizuri, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huchanganya. Mabomba mengi ya namna hiyo yana betri ya risasi na asidi iliyofungwa, ambayo ni ndugu wa betri ya pikipiki na si ya lithiamu, na tabia zake ni kinyume kabisa. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, mabamba yake huota chumvi ngumu ya salfeti na haipokei tena umeme. Hiyo ijaze kila unapomaliza kupulizia, na kama haina kazi, ichaji tena walau mara moja kila baada ya miezi miwili. Ya lithiamu, ukijua haitatumika kwa wiki kadhaa, iache ikiwa na taa mbili kati ya nne, ndani ya nyumba mahali penye ubaridi, na isiwe kwenye chaja. Soma ganda la bomba lako kwanza. Ikiwa limeandikwa "Li-ion", betri yake ni ya lithiamu, uitunze hivyo.

Kuhusu ndege, betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 husafiri kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ya 18V yenye 5Ah ni wati-saa 90, kwa hiyo inapita. Kati ya 100 na 160 ni lazima aombe ruhusa ya shirika la ndege. Azibe vituo vya chuma kwa utepe wa plastiki ili visigusane na funguo au sarafu. Umeme wa Ujerumani ni volti 230 kama wetu, hivyo chaja itafanya kazi, kumbuka tu kubadilisha kichwa cha plagi. Cha kuzingatia ni kwamba betri iwe ya jamii ile ile ya mashine utakayonunua hapa, la sivyo utarudi kwenye zile adapta za Mzee.

Mtunza Ua wa Tengeru ameandika tena:

Nimerudi kutoa taarifa. Leo asubuhi nilikwenda na mizani ya jikoni ya nyumba ya wageni, muuzaji wa tatu akanicheka, kisha akasogea kuangalia. Betri yake ya "6Ah" ilisoma gramu 385. Ya 4Ah katika duka la kwanza ilisoma 640. Nimechukua seti ya 20V ya mashine ya ua na ya kamba, pamoja na betri mbili za 4Ah, msumeno utasubiri. Chaja nimeihamishia ukumbini, ukutani karibu na dirisha la kaskazini, na mwenye nyumba ameuliza kwa nini betri zinalala ndani na mimi naendelea kuacha buti zangu nje.