Tupeane uzoefu: kuna ubaya gani kupenda nyimbo zinazopigwa kila mahali?

Mpenda Kiitikio: Wadau, ule uzi wa wiki iliyopita umenichokoza. Mtu kataja wimbo anaoupenda, kajibiwa "huo wa watoto, hauna muziki ndani." Nyie mnaopiga vyombo na mnaoshinda studio, semeni: kasoro iko kwenye wimbo, au kosa lake ni kupendwa na wengi?

Kinanda Cheusi: Lawama ya kwanza siku zote ni kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, chord). Ukipiga kwa ufunguo wa C ni C, G, Am, F, zinazunguka mwanzo mpaka mwisho. Ni kweli, nyimbo nyingi mno zimesimama hapo. Ila bluzi ya paa 12 (paa ni fungu la mapigo, kwa kawaida manne) huwa na kodi tatu na hakuna anayeibeza.

Anayetaka kujua kama mtunzi alitoa jasho atazame kwingine. Kwanza mwimbaji: anatua kwenye noti za kodi yenyewe, au anaishikilia noti ya nje kisha anaiachia taratibu? Pili besi: imeganda kwenye noti ya msingi au inatembea? Tatu, weka kiitikio cha kwanza na cha mwisho sambamba. Kwenye kazi nzuri cha mwisho kina sauti za pembeni, tari, pengine kinanda kimepanda oktavu moja (noti zilezile, ila nyembamba zaidi). Na kabla hakijaingia, besi na ngoma huondolewa kwa paa moja hivi, zikirudi zinakugonga kifuani. Zikiondolewa paa nne, msisimko umeshapoa.

Mzee wa Santuri: Naunga mkono. Hiyo paa moja inawashinda wengi.

Sikio Kali: Mnazunguka tu. Ugonjwa ni kubana sauti. Kompresa, kifaa cha kubana sauti, inakata vilele vya sauti, kisha kila kitu kinapandishwa juu. Beti na kiitikio vinakuwa na ukubwa uleule, ngoma inapoteza ncha, sikio linachoka kabla wimbo haujaisha. Albamu ya 2008 ya Metallica, bendi ya roki nzito, Death Magnetic, ilibanwa hadi mashabiki wao wakalalamika, wakasema toleo lililowekwa kwenye mchezo wa video lina sauti iliyo wazi zaidi.

Fundi Mitambo: Sikio Kali, wasiovuma nao wanabana, tena wengine kupita kiasi. Halafu Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ule uliobanwa sana unashushwa tu. Mkilinganisha nyimbo mbili, washeni usawazishaji huo kwanza, au shusheni ule mkubwa mpaka waimbaji walingane. Desibeli moja au mbili zinatosha kumdanganya mtu: wenye sauti kubwa kidogo ataona ndio bora.

Sikio Kali: Kusawazisha hakurudishi ncha ya ngoma iliyokwisha kukatwa.

Fundi Mitambo: Hapo sibishi. Basi mlaumu aliyekata, msikilizaji muache.

Sakafu ya Dansi: Kabla hamjaendelea kudharau vya wengi, someni haya. Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Mtangazaji wa redio Steve Dahl aliandaa usiku wa kulipua santuri za disko, katikati ya mechi mbili za besiboli, White Sox na Detroit Tigers. Ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98. Kreti la santuri likalipuliwa uwanjani, na maelfu wakashuka majukwaani, nyasi zikachimbuka, moto ukawaka, polisi wakaingia. Mechi ya pili haikuchezwa, Tigers wakapewa ushindi.

Sasa sikieni hili. Vince Lawrence, kijana aliyekuwa akihudumia watu uwanjani usiku ule, ameeleza kuwa santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa disko kabisa. Zilikuwa za wasanii Weusi wa soul na R&B. Mwaka 1984 yeye na Jesse Saunders wakatoa moja ya rekodi za kwanza kabisa za house (muziki wa dansi wa mashine za ngoma), Chicago hiyohiyo, na teke la ngoma (ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu) likiwa kwenye kila pigo, manne kwa paa, vilevile kama disko.

Mpenda Kiitikio: Kwa hiyo hata soul ilichomwa! Mada imehama, lakini endeleeni.

Mzee wa Santuri: Si kila asiyependa disko alikuwa na chuki hiyo. Msitie watu wote kapu moja.

Sakafu ya Dansi: Asiyependa alikuwa na haki ya kuzima redio. Nawazungumzia waliobeba santuri za soul kwenda kuchoma.

Takwimu na Tungo: Kuna jaribio lililochapishwa 2006 na watafiti Salganik, Dodds na Watts. Washiriki zaidi ya 14,000, nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Walioonyeshwa idadi ya waliopakua waligawanywa makundi manane yasiyoonana, na kila kundi likatoa vinara wake. Nyimbo bora mara chache zilianguka, mbovu mara chache zilishinda, zilizobaki katikati ziliweza kwenda popote. Maana yake wimbo kuvuma hakuthibitishi ubora, wala hakuuondoi.

Kinanda Cheusi: Ushauri: sikiliza mara tatu ndipo uhukumu.

Takwimu na Tungo: Napinga. Mwanasaikolojia Zajonc alionyesha mwaka 1968 kuwa kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kukifanya kipendeke. Mara tatu zako zinaupendelea wimbo. Hukumu mara ya kwanza.

Fundi Mitambo: Mara ya kwanza kwenye spika ya simu? Besi ya chini haitoki pale, utahukumu nusu ya wimbo. Vaa hedifoni, sikiliza mara moja besi peke yake, mara nyingine sauti za pembeni. Na usiupime kwa sekunde kumi za mwanzo, maana huduma za kusikiliza mtandaoni huhesabu wimbo ukifika sekunde 30, hivyo watunzi wanasogeza sauti ya mwimbaji mbele kabisa. Utamu wa ala siku hizi umehamia baada ya kiitikio cha pili.

Sikio Kali: Hilo la baada ya kiitikio cha pili nakubali. Lete mfano mmoja usiobanwa, nitausikiliza wote.