Nguva ananiponza kila Jumapili, nimtoe lini?

Wadau, hamjambo. Niko Kondele, Kisumu. Jumapili huwa tunakutana watu sita kwa shemeji, dada ya mke wangu, kucheza Skull King, ile karata ya maharamia na viumbe vya baharini. Mimi nimekulia kwenye kadi ya mtaani, ya "niko kadi", kwa hivyo hii ya kutabiri utakula mara ngapi (yaani karata yako itazishinda zilizotupwa mezani mara ngapi) bado inanichapa.

Kwa asiyeijua: raundi ni 10, ya kwanza mna karata moja moja, ya mwisho kumi kumi. Ngumi mezani, "yo-ho-ho", kila mtu anafungua vidole vya idadi atakayokula. Ukipatia, pointi 20 kwa kila ulipokula. Ukizidisha au ukipungukiwa, unakatwa 10 kwa kila moja.

Shida yangu ni nguva. Nikimwona mkononi nahesabu amekula tayari. Jana raundi ya 8 nilitaja 4, nikala 2. Haramia aliyemmeza nguva wangu alitupwa na shemeji huku anachambua mboga ya osuga, wala hakuinua macho. Kibaya zaidi, kijana wake alitaja sifuri, akapatia, akaandikiwa 80, maana sifuri ukipatia ni 10 mara namba ya raundi.

Shupaza58 (Nakuru): Pole ndugu. Nguva ni 2 tu, maharamia 5, na Tigress anaweza kugeuka wa sita. Mkiwa sita raundi ya 8, karata 48 kati ya 70 za msingi zimegawiwa, hao maharamia wengi wako mikononi mwa wenzako. Nguva anapiga namba zote, hata turufu nyeusi ya 14, lakini haramia yeyote anamla. Angalia kiti chako: ukitupa wa mwisho na haramia hayupo mezani, umekula. Ukianza naye, umemwanika. Raundi za mwanzo mtaje, kuanzia ya 6 mhesabu nusu.

MamaKarata: Nusu utaiandika wapi, Shupaza? Mimi simtaji kabisa. Karata za picha hazikulazimishi kufuata rangi, kwa hivyo nguva ni wa kujirekebishia. Umefikisha idadi? Mzike chini ya haramia. Umepungukiwa? Subiri zamu ya mwisho. Na karata ya Skull King mwenyewe, mkuu wa maharamia, akitua, nguva anamla, hata kama haramia naye yumo.

Jakopa: Nyamgondho wa hadithi ya Wajaluo alimtoa mwanamke ziwani akatajirika, alipomtukana, yule mwanamke akarudi majini na ng'ombe wote. Wa ziwani hataki dharau, kaka 😂

Mwenye uzi: 😂😂 Asante MamaKarata, Jumapili najaribu. Na ile karata ya Kraken je? Shemeji anasema akitoka hakuna anayekula.

MamaKarata: Ni kweli, zile karata zinawekwa kando. Ila anayeanza tena ni yule ambaye angekula Kraken asingekuwepo.

Mwenye uzi: Ngoja. Si aliyemtoa Kraken?

MamaKarata: Hapana.

Mwenye uzi: Sisi tangu Januari anaanza aliyemtoa. Na karibu kila mara ni shemeji.