Tupeane uzoefu: harufu ya tenki ya choo kwenye kampa mliimaliza vipi?

isuzu_ya_lanet

Wadau hamjambo. Mimi niko Nakuru, upande wa Lanet, na mwaka jana tulimaliza kutengeneza kampa yetu kwa lori ndogo ya Isuzu iliyokuwa inabeba maziwa, tukaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, shawa na choo chenye tenki ya lita 60 chini ya sakafu. Tunaipenda sana, watoto ndio kabisa. Lakini harufu jamani. Wiki iliyopita tulitoka hapa asubuhi tukielekea Kisumu, hadi Mau Summit hakuna kitu, ile baridi ya huko juu husikii chochote, kufika Kericho ikaanza kidogo kidogo, kushuka Awasi na Ahero joto limepanda watoto wakaanza kuziba pua na blanketi. Tukafungua madirisha yote na kuwasha feni ya juu ya paa na badala ipungue ikaongezeka! Mama mkwe tulikuwa tumempitia Ahero twende naye mjini, hakusema neno hata moja lakini niliona ameweka leso puani njia yote, na hilo liliniuma kuliko mengine yote. Usiku tulilala Dunga, wenzangu walilala, mimi nilikaa macho hadi wavuvi wakaanza kurudi.

Nimeweka ile dawa ya bluu ya kuzuia harufu ya tenki ya choo, nikazidisha kipimo mara mbili, nikaweka ndimu, hata jiki nimeweka. Wapi. Sasa naomba kila mwenye kampa, trela ya choo, gari la kazi lenye choo, hata mwenye septiki nyumbani, useme ulisumbuka wapi na ni nini hasa kilisaidia.

dereva_wa_trak_ya_safari

Pole sana ndugu. Hiyo ya madirisha naijua kama jina langu. Nimeendesha trak za wageni kutoka Naivasha hadi Jinja miaka mingi na choo kikiwa ndani lazima ujue upepo unavyofanya kazi. Gari likikimbia, dirisha lililo wazi na feni ya paa vinanyonya hewa ya ndani kuitoa nje, sasa ile nafasi lazima ijazwe na hewa kutoka mahali, na tundu la karibu ni la choo, kwa hivyo unaivuta hewa ya tenki mwenyewe iingie kwa wageni. Sisi sheria ilikuwa moja, zima feni, funga dirisha la chooni, ndio uflashi, halafu ukishafunga kile kifuniko cha ndani unaweza kufungua tena.

Kingine angalia raba ya pale chini ya bakuli. Mwaga kikombe cha maji kwa bakuli, rudi baada ya dakika kumi. Kama maji yameisha, raba haishiki na hewa inapita hapo usiku na mchana. Yangu ilikuwa na kipande cha karatasi kimekwama tu, niliitoa kwa mswaki wa zamani. Lakini kabla sijagundua nilikuwa nimeipaka yale mafuta ya kujipaka ya petroli nikidhani naisaidia ilainike, ikavimba na kupinda, kupata nyingine ikanichukua karibu miezi miwili. Tumia grisi ya silikoni, usitumie mafuta ya petroli kwa raba.

mama_wa_shinyalu

Mimi shida yangu ilikuwa ubahili wa maji na nakuhurumia kwa sababu najua ni kitu wengi wetu tunafanya. Kampa ukiwa safarini maji unanunua kwa mtungi wa lita 20, unaona ukiflashi na nusu kikombe umeokoa. Desemba hiyo tulikuwa tumeegesha nyumbani Shinyalu siku tisa, familia yote imekuja, tukaunganisha paipu kutoka kwa tenki hadi kwa septiki ya shemeji na tukaacha koki wazi ili isijae. Tuliona ni akili. Kumbe maji yote yanatoroka na kile kizito kinabaki kikijijenga kilima pale chini ya choo, na kilima hicho kikishakauka hakuna dawa ya chupa itakiondoa. Tuliondoka na harufu ambayo nilikuwa naiskia hata kwa nywele.

Ilibidi tufunge koki, tujaze maji na sabuni ya unga hadi robo tatu, tukaendesha polepole Shinyalu hadi Kakamega mjini na kurudi, matuta yale yakachanganya ndani kama kuosha sufuria iliyoungua, tukaacha ilowe usiku mzima halafu tukamwaga. Mara mbili. Ya pili ndio ikatoka safi.

Tangu siku hiyo koki inakaa IMEFUNGWA, namwaga ikifika theluthi mbili maana ikiwa na mzigo inatoka kwa nguvu na kusukuma kila kitu, na nikimaliza kumwaga narudisha lita kama nane za maji kabla mtu yeyote hajakaa. Hizo lita nane usizionee huruma dada na kaka zangu. Tena karatasi, chukua kipande, tia kwa chupa ya maji, tikisa. Ikibaki kipande kizima bila kusambaratika, hiyo si ya tenki. Na waipsi za mtoto kamwe, hata kama pakiti imeandikwa zinaflashika.

eksosta_kisumu

Nimesoma nikaona niandike kwa sababu hii ndio kazi yangu, mimi ni dereva wa eksosta, lori la kunyonya majitaka, hapa Kisumu. Watu wengi wanafikiria harufu ni uchafu. Harufu ni gesi. Bakteria wa ndani ya tenki wakikosa hewa wanakula ile taka na kutoa hidrojeni salfaidi, ndio ile ya mayai viza, na joto likipanda wanafanya kazi haraka zaidi, ndio maana huyu ndugu aliona shida ikianza akishuka kuja kwetu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, hiyo tofauti ya joto tenki inaijua.

Sasa dawa. Kuna zenye fomaldehaidi, ni jamii moja na ile inayohifadhi maiti mochari. Zinanyamazisha harufu kwa kuua kila kitu, lakini ukija kumwaga hiyo kwa septiki ya mtu unaua na bakteria wake wanaofanya kazi, halafu septiki yake inajaa na yeye hajui kwa nini. Hata mabwawa ya majitaka ya Nyalenda yanategemea bakteria hao hao. Mimi nikiulizwa nasema tafuta ile ya vimeng'enya (enzaimu) au bakteria, ipe maji ya kutosha na usiipe jiki, kwa sababu jiki inawaua. Ndugu wa Isuzu hapo ndipo ulijipiga mwenyewe, uliweka dawa halafu ukaweka jiki juu yake.

Na tafadhali, hili naomba msilipite haraka. Jiki isikutane na asidi ya kusafisha choo, inatoa gesi ya klorini na ndani ya kampa iliyofungwa hiyo ni hatari ya maisha. Vile vile hiyo gesi ya mayai viza ikizidi inaua uwezo wa pua, unaacha kuisikia ukidhani imeisha kumbe ndio imekuwa nyingi. Nimeona watu wazima wakitolewa kwa shimo wakiwa wamekufa kwa sababu mmoja aliingia na wa pili akamfuata kumwokoa. Tenki ya kampa ni ndogo lakini ukienda kumwaga, usiinamishe kichwa kwa tundu la septiki. Na msimwage kwa mtaro wala ziwani, tunakunywa maji hayo.

nesi_wa_barabarani

Yangu fupi. Gari letu la kliniki lilikaa limeegeshwa wiki tatu Busia bila kutumika, tukirudi linanuka vibaya sana, tukaosha choo mara tatu. Haikuwa choo kabisa! Ilikuwa sinki. Ile kona ya paipu chini ya sinki na ya shawa inafaa kubaki na maji ya kuzuia hewa isirudi juu, ilikuwa imekauka, na tenki ya maji ya sinki ilikuwa na mafuta na mabaki ya chakula yaliyooza. Nilimwaga kikombe cha maji kwa kila tundu na ndani ya saa moja tofauti ikaonekana. Sasa kila Jumatatu kabla ya kitu kingine chochote, kikombe kimoja kila tundu. Sahani tunapangusa na karatasi kwanza ndio tuoshe.

kitale_bila_maji

Sisi tuliacha tenki kabisa. Tuko na choo cha kutenganisha, mkojo unaenda kwa mtungi mbele na kile kingine kinaanguka kwa ndoo yenye vumbi la mbao, nalipata bure kwa fundi seremala hapa mjini. Vikikaa mbalimbali harufu ni ya udongo tu. Kazi yake ni mtungi wa mkojo, lazima umwage kila siku na kuusuuza, ukilala nao siku mbili utajuta. Kwa familia yenye watoto wadogo sijui kama ningeshauri, kufundisha mtoto wa miaka minne alenge mbele ilikuwa safari ndefu.

fundi_wa_shabab

@isuzu_ya_lanet nina swali moja tu na nimeshangaa hakuna aliyeuliza. Paipu ya hewa ya tenki inatokea wapi?

Nauliza kwa sababu nimetengeneza kampa sita hapa Nakuru na nne zilikuja kwangu kwa hiyo harufu. Tenki lazima iwe na paipu ya kutoa gesi hadi juu ya paa, na ianzie kwenye dari ya tenki. Mbili nilikuta fundi aliisukuma paipu ikaingia ndani sana, tenki ikijaa kidogo mdomo wake unazama majini na gesi haina pa kupita isipokuwa chooni. Nilikata sentimita chache tu. Moja haikuwa na paipu kabisa, mwenyewe aliambiwa si lazima, na hiyo ilinikasirisha kwa sababu mteja alikuwa amelipa pesa nzuri. Ya nne ilikuwa na kila kitu lakini nyigu wa udongo walijenga ndani wakaziba tii, kile kiungo cha paipu chenye umbo la T.

Panda juu na tochi kabla hujanunua chupa nyingine ya bluu.

isuzu_ya_lanet

Nimerudi wadau, samahani nimechelewa, nilitaka nijaribu kwanza ndio niandike.

Nilipanda juu Jumamosi. Nyigu. Udongo mgumu kama saruji, kama urefu wa kidole changu, nimetoa kwa waya wa nondo polepole usiangukie ndani, nikafunga wavu mdogo wa dirisha juu yake na klipu. Halafu nikafanya ile ya mama wa Shinyalu, sabuni na maji hadi robo tatu, nikaenda Njoro na kurudi, nikalowesha usiku. Raba nimepima kwa kikombe, maji yalibaki. Jiki nimeitoa kwa gari kabisa.

Jana tumeenda Elementaita na kurudi saa sita mchana, jua kali, lita nane ndani, feni imezimwa wakati wa kuflashi. Mke wangu alikaa kile kiti cha karibu na choo kwa hiari yake. Kidogo nilisikia kitu tulipopita matuta barabarani, nikafikiria ni ile kona ya shawa ndio inamwaga maji yake gari likiruka, kwa hivyo @nesi_wa_barabarani naomba kuuliza, nyinyi barabara ikiwa mbaya mnafanyaje, mnaziba tundu la shawa na kitu?

nesi_wa_barabarani

Ndio, kizibo cha raba cha beseni, kinauzwa hadi soko la Kibuye, Kisumu. Tunaziba kabla ya kung'oa gari, tukifika tunatoa na kumwaga kikombe kingine. Msalimie mama mkwe.