Kijiko kimoja, vikombe vitatu, halafu anasema "zote ladha moja"! Nani alimpa huyu mtu birika?

Punje_Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, sitaki salamu na sitaki "punguza hasira". Video mmeiona wote, mtu mnamjua wote, simtaji kwa sababu akitajwa anafurahi.

Vikombe vitatu mezani. Kimoja kahawa iliyooshwa (nyama ya tunda huondolewa kabla ya kukausha), kimoja iliyokaushwa na tunda lake, kimoja imekaangwa mpaka rangi ya tairi. Hizo hata mwenye mafua ya wiki mbili anazitofautisha kwa kunusa unga mkavu tu. Bwana mkubwa anachovya kijiko kikombe cha kwanza, anakinyonya mpaka mashavu yanakutana, halafu KIJIKO KILE KILE, kinang'aa mate, tone bado linaning'inia nchani, anakizamisha kikombe cha pili. Anakoroga. Anakoroga, jamani! Kisha cha tatu. Kisha anaitazama kamera kama hakimu aliyechelewa chakula: "Zote ladha moja tu. Mnaibiwa."

Ladha moja ya nani? Ya mate yako! Umeonja mdomo wako mwenyewe mara tatu, ukashangaa unafanana.

Glasi ya maji ya moto ya kusuuzia ilikuwa wapi? Unachovya, unatikisa, unagusisha kwenye kitambaa, unaendelea. Sekunde mbili. Mtu ana birika la shingo ndefu kama korongo, ana mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu (imezimwa, ipo kama pambo), ila sekunde mbili za kusuuza kijiko hana.

Na kabla ya kijiko maafa yalishaanza. Kahawa kapima kwa kujaza kijiko, wakati iliyokaangwa sana imevimba na ni nyepesi, kwa hiyo kijiko kilichojaa hizo kina gramu chache kuliko kilichojaa zile za rangi ya mdalasini. Vikombe vyenyewe, kimoja cha kunywea, kimoja bakuli, kimoja sijui kilitoka kwenye seti gani ya marehemu. Kiwango kinajulikana: gramu 8.25 kwa mililita 150, yaani gramu 55 kwa lita. Kikombe cha mililita 200 kinataka gramu 11. Hesabu ya darasa la nne! Maji nyuzi 93 hivi, unajaza vyote mfululizo kwa mpangilio, unaacha dakika 4 bila kugusa. Unga unapanda juu na kutanda. Unauvunja kwa mgongo wa kijiko, mara tatu kila kikombe, pua ikiwa karibu kabisa maana hapo ndipo harufu inapofumuka. Unaondoa povu kwa vijiko viwili. Unasubiri. Kuonja ni kuanzia dakika ya 8 hadi ya 10, ikiwa kwenye nyuzi 70 hivi.

Yeye kavunja kikombe cha kwanza dakika ya 4, kapokea simu, cha tatu kakivunja dakika ya 9. Kwa kijiko ambacho hakijasuuzwa.

Kama nimekosea mniambie. Hapana, msiniambie.

Kigoda_Mbele

Nimeweka kigoda. Uzi wa kahawa lakini chai ni nyingi.

Mzee_wa_Meno

Mleta uzi, povu lako limezidi la vikombe vyote vitatu. Kijiko ni dhambi, ila ndogo. Tone linalobaki kwenye kijiko halifiki hata mililita 1, unaliingiza kwenye 200. Haliwezi kuipa kahawa iliyooshwa harufu ya tunda lililovundikwa. Mshitaki ile mashine ya visu iliyokuwa nyuma yake kwenye video. Visu havisagi, vinakatakata: chini vumbi, juu vipande vya punje. Vumbi linatoa uchungu na ukakasi, vipande vinatoa uchachu mkali na maji maji. Ukivichanganya kikombe kimoja, kahawa zote duniani ni ndugu. Kwa hiyo alichokunywa yeye kweli kilikuwa na ladha moja. Hakusema uongo.

Punje_Nyeusi

Mzee wangu, dhambi NDOGO? Alikinyonya! Mashavu yalikutana!

Mzee_wa_Meno

Nimeona mashavu. Narudi kwenye mashine. Hata mwenye mashine ya meno, inayosaga badala ya kukata, anaharibu ulinganishaji kwa kutosafisha kati ya kahawa na kahawa. Ndani hubaki unga wa ile ya kwanza, mashine nyingine zinashika hadi gramu kadhaa. Saga gramu 3 au 4 za kahawa inayofuata, tupa, ndipo usage dozi yenyewe. Na usibadilishe namba ya usagaji kati ya sampuli. Hapa tunalinganisha kahawa, hatuitafutii kila moja nafasi yake nzuri. Hilo la kutafuta nafasi nzuri ni kazi ya koni na karatasi ya kuchujia, siku nyingine.

Nusu_Gramu

Ngoja kwanza. Mleta uzi si ndiye aliyeandika kwamba kahawa moja ina yasmini, pichi, ganda la chungwa, asali ya nyuki wadogo na "kumbukumbu ya mvua"? Kumbukumbu ya mvua ni ladha? Yule wa kijiko angalau kasema kitu kinachoeleweka.

Mnaandika orodha kama mnatafuta mchumba. Anzeni na vya msingi: uchachu upo au haupo? Kama upo, ni wa ndimu, wa tufaha, au wa siki? Utamu unabaki ukishameza au unakimbia? Uzito mdomoni ni kama maji au kama maziwa? Ukakasi unakausha ulimi? Ukishajibu hayo matano, ndiyo uniletee yasmini yako.

Kigoda_Mbele

Asali ya nyuki wadogo 😂😂😂 mleta uzi kimbia

Punje_Nyeusi

Hiyo ilikuwa kahawa nzuri na mvua ilikuwepo. Turudi kwenye kijiko.

Dada_Birika

Nyie wanaume mnapigania kijiko wakati dawa ipo. Vikombe vitatu, viwili vina kahawa ile ile, kimoja ni tofauti. Alama ibandikwe chini ya kikombe, mtu mwingine avizungushe, wewe utafute mgeni ni yupi. Ukibahatisha una nafasi 1 kati ya 3, kwa hiyo kupatia mara moja si kitu, usije kutangaza. Rudia mara 6. Ukipata 5 au zaidi, bahati tupu ingekupa hivyo chini ya mara 2 kati ya 100, hapo nakusalimia kwa heshima. Ukipata 2, nyamaza na noti zako za mvua.

Na vikombe viwe vya aina moja na rangi moja. Iliyokaangwa sana ni nyeusi zaidi, jicho linakuambia jibu kabla ya ulimi. Zima taa au tumia vikombe vyeusi.

Mzee_wa_Meno

Dada kafunga mjadala.

Kiazi_Kibichi

Haujafungwa, kuna kundi baya kuliko la kijiko: wale wanaosaga gramu 60 kwa mpigo halafu wanagawa kwenye vikombe vitano. Ni kosa ambalo halionekani kwenye video, ndiyo maana halipigiwi kelele.

Kila kikombe kipimiwe kikiwa punje nzima, kisagwe peke yake. Sababu ni hii. Kahawa za Rwanda na Burundi zinajulikana kwa kasoro ya ladha ya kiazi. Punje moja tu inatosha, na kwa macho huioni. Ukiisaga na wenzake zote kwa pamoja, harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa inaenea kila kikombe na unaitupa kahawa nzuri kabisa. Ukisaga dozi moja moja, inanuka kikombe kimoja, vinne ni salama, na unajua ni kasoro ya punje, si ya shamba. Ndiyo maana wapimaji wanaandaa vikombe 5 vya sampuli moja. Hawafanyi hivyo kwa kiu.

Halafu kabla ya kusaga mwaga punje kwenye sahani nyeupe. Ukiona zilizopauka kama hazikukaangwa, zitoe. Zilichumwa mbichi, sukari haikukomaa, na zinaleta ladha ya karanga kavu na karatasi. Kwenye zilizokaushwa na tunda ziko nyingi zaidi kwa sababu hazipiti kwenye maji ambapo nyepesi huelea zikaondolewa.

Nusu_Gramu

Hili la sahani nyeupe nimelinunua.

Tindikali

Na hakuna aliyeuliza MAJI? Posti zote hizi? Kikombe kina maji zaidi ya asilimia 98 na mnagombania kijiko!

Maji magumu yenye baikaboneti nyingi yanaumeza uchachu wote. Kahawa ambayo ingekuwa na ndimu inabaki bapa kama ubao, na hapo ndipo kila kahawa inakuwa "ladha moja". Ukikimbilia maji yaliyokenekwa peke yake unakosea upande wa pili, ukavu na uchachu wa kutoboa. Lenga madini ya jumla kama miligramu 150 kwa lita, na muhimu kuliko namba, maji yawe yale yale kwa vikombe vyote. Birika likiisha katikati, usijaze kutoka chupa nyingine.

Aliye nyanda za juu asihangaike na kipimajoto. Mita 1,700 maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, yakichemka tu mimina.

Dada_Birika

Kwa hiyo mlalamikiwa ana hatia ya kijiko, mashine, simu, vikombe na maji. Tumwongezee na kodi?

Siku_ya_Kumi

Mmesahau umri. Kahawa yake moja kaifungua siku ile ile ilipokaangwa, nyingine ina miezi. Ile mpya imejaa hewa ya ukaa, unga unaumuka kama mkate na maji hayaingii vizuri. Subiri siku 7 hadi 14, zilizokaangwa juu juu hata zaidi.

Mzee_wa_Meno

Kitaratibu sampuli huonjwa ndani ya saa 24 tangu kukaangwa, ikiwa imepumzika angalau saa 8. Usipotoshe.

Siku_ya_Kumi

Hiyo ni ya wapimaji, Mzee, wanaokaanga sampuli juu juu ili wapate kasoro na watoe alama, 80 kwenda juu inaitwa kahawa maalumu. Mtu wa nyumbani analinganisha mifuko iliyokaangwa na watu tofauti, siku tofauti. Cha muhimu kwake zilingane umri. Siku ya 10 kwa siku ya 10. Ukiweka ya siku 2 na ya siku 50 unalinganisha kalenda.

Mzee_wa_Meno

Umri ulingane, hapo sina ubishi. Ila saa 24 zipo.

Chekeche

Naomba niwasemee wale wa "hii ni AA kwa hiyo ndiyo tamu". AA ni UKUBWA. Kwenye upangaji wa Kenya na Tanzania ni punje zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya karibu milimita 7. Chekeche halina ulimi! AB safi, yenye punje ndogo zaidi, inaipiga AA iliyokaa vibaya ghalani asubuhi na mapema. Mtu anakuja na AA yake anaibeba kama mtoto wa mfalme.

Kigoda_Mbele

Chekeche halina ulimi 😂 hii naiandika ukutani.

Nusu_Gramu

Halafu kuna wa aina za mbuni, "SL28 ndiyo kahawa, nyingine takataka". Anasema hivyo akiwa kaloweka gramu 20 kwenye mililita 200.

Punje_Nyeusi

Wakuu, na mtu anayenyonya kijiko na kukirudisha je? Mnakumbuka kuna mtu alinyonya kijiko?

Jokofu

Swali nje ya mada kidogo. Nikitaka zilingane umri lakini mifuko inafika kwa nyakati tofauti, naweza kugandisha?

Siku_ya_Kumi

Ndiyo, na ndiyo njia bora. Iache ipumzike hadi siku unayoitaka, kisha gawa dozi moja moja kwenye vichupa au vifuko visivyopitisha hewa, jaza hadi karibu na mdomo hewa iwe kidogo, ingiza kwenye friza. Siku ya kuonja toa moja, saga ikiwa bado imeganda. Usiache mfuko wazi uyeyuke mezani, unyevu unatua juu ya punje na unga unashikana kwenye meno. Na usirudishe friza ulichokwisha kutoa.

Mzee_wa_Meno

Ila ugandishe zote au usigandishe hata moja. Punje ya baridi inavunjika kwa unga mwembamba zaidi kuliko ya kawaida kwenye namba ile ile ya mashine. Moja ya friza na moja ya kabatini, umeshaleta tofauti isiyo ya kahawa.

Jokofu

Sawa. Dozi ziwe gramu 11 au 12?

Dada_Birika

Kikombe chako kinachukua mililita ngapi?

Jokofu

Sijapima.

Dada_Birika

Kiweke kwenye mizani, sawazisha sifuri, jaza maji mpaka unapoishia kumimina. Gramu moja ni kama mililita moja. Zidisha kwa 0.055.

Jokofu

Inasoma 218.

Dada_Birika

Gramu 12.

Punje_Nyeusi

KIJIKO JAMANI

Jokofu

Asante mkuu, lakini nitapima kwa mizani, kijiko sihitaji.